Bei zinapopanda Mugeta: mzigo wa nyumba na wajibu wa Serikali

KILA mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza kiwango cha mfumuko wa bei. Mwaka 2022 wastani ulikuwa asilimia 4.3; mwaka 2023 ukashuka hadi 3.8, na mwaka 2024 ukawa 3.1. Mtaalamu wa uchumi azisomapo tarakimu hizi hufurahi, na ana haki ya kufurahi, kwani nchi nyingi za dunia hazikujaliwa hivyo katika miaka hiyo. Lakini mama wa Mugeta, wilayani Bunda, aendapo dukani na noti ileile aliyokwenda nayo mwaka uliotangulia, hurudi na kapu jepesi zaidi. Je, ni nani mwongo kati ya hao wawili?

Hakuna aliye mwongo. Kushuka kwa mfumuko wa bei si kushuka kwa bei. Maana yake ni kwamba bei zaendelea kupanda, ila zapanda polepole kuliko jana. Mtu aupandaye mlima wa Chamuriho akipunguza mwendo hajaanza kuteremka. Bado anapanda, na mzigo u kichwani pake.

Tena liko jambo la pili. Kapu linalopimwa na watakwimu ni kapu la wastani wa nchi nzima. Ndani yake mna bidhaa na huduma 383, na chakula pamoja na vinywaji visivyo na kileo hupewa uzito wa asilimia 28.2. Kaya ya mkulima mdogo haiishi hivyo. Kwake chakula, sabuni, mafuta na nauli humeza sehemu kubwa ya kila shilingi ipatikanayo, na vile vitu ambavyo bei zake zimetulia, kama vile simu za bei kubwa au vyumba vya hoteli, havimo katika maisha yake. Wastani hauwezi kumpikia mtu uji.

Makala haya yanakusudia kuitazama nyumba hiyo ya Mugeta kwa karibu: inanunua nini, inauza nini, imepita wapi katika nusu karne hii, na ni kwa kiasi gani dhiki yake ni jukumu la Serikali.

Kapu la nyumba

Mugeta ni kata ya Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, katika nchi ya Waikizu na majirani zao, upande unaoelekea mbuga za Serengeti. Watu wake ni wakulima na wafugaji. Hulima mtama, muhogo, ulezi, mahindi na pamba. Hufuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Kwa muda mrefu imesemwa kwamba watu wa namna hii hawaguswi sana na kupanda kwa bei kwa sababu wanakula jasho la mikono yao. Usemi huo una ukweli wa nusu tu.

Ni kweli kwamba ugali wa muhogo na mtama hautoki dukani. Lakini muhogo na mtama hupelekwa mashineni kusagwa, na mashine hula dizeli au umeme. Chumvi haioti shambani. Sukari ya uji wa mtoto, mche wa sabuni, kiberiti, kanga ya mama, daftari la mwanafunzi, dawa ya kuulia wadudu wa pamba, dawa ya kuogeshea mifugo, vyote hivyo hutoka mbali na hufika kwa lori. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao zamani walikuwa kitoweo cha makabwela, siku hizi hugombewa pia na watengenezaji wa chakula cha mifugo. Na mgonjwa akizidiwa, hapana budi akodiwe pikipiki.

Basi kila nyuzi ya maisha ya kijiji imefungwa kwenye lita ya mafuta. Lita ikipanda bei bandarini Dar es Salaam, haipandi peke yake. Mwenye lori huongeza nauli ya mzigo, mwenye duka la Bunda huongeza chake, mwenye kibanda cha kijijini naye huongeza chake, na mwisho wa safari mama hulipa nyongeza zote tatu kwa mpigo mmoja. Kadiri kijiji kilivyo mbali na bandari, ndivyo mzigo wa nyongeza ulivyo mzito.

Mizani mbili

Mkulima hupimwa kwa mizani mbili. Kwenye mizani ya kwanza anauza, na bei hutajwa na mnunuzi. Kwenye mizani ya pili ananunua, na bei hutajwa na muuzaji. Katika mizani zote mbili yeye ndiye asiyetaja bei.

Tuchukue pamba, zao ambalo kwa miaka mingi limeleta fedha katika nyumba za kanda ya ziwa. Mwaka 2022 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo, na wako wanunuzi waliolipa zaidi ya hapo. Mwaka 2023 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,060. Sasa tupige hesabu ya mfano. Tuseme kaya imelima ekari 2 na kuvuna kilo 300 kwa kila ekari, yaani kilo 600. Kwa bei ya kwanza kaya hiyo ingepata shilingi 936,000. Kwa bei ya pili ingepata 636,000. Zimepotea shilingi 300,000, ambazo ni karibu theluthi moja ya mapato, bila mtu yeyote kuwa mvivu, bila jembe kupumzika, wala mvua kukatika.

Katika mwaka huohuo wa 2023, bei za vitu nchini zilipanda kwa wastani wa asilimia 3.8. Kwa hiyo kilichoitikisa nyumba ya mkulima wa pamba hakikuwa hasa kupanda kwa bei za dukani, bali bei za dukani kupanda kidogo wakati bei ya shambani imeanguka sana. Takwimu ya mfumuko wa bei hupima upande mmoja tu wa mkasi. Upande wa pili, ule unaokata mapato, haupimwi na tangazo la kila mwezi.

Linganisha na mtumishi wa umma. Mwezi Mei 2022 ilitangazwa nyongeza ya kima cha chini cha mshahara ya asilimia 23.3. Mei Mosi ya mwaka 2025 ikatangazwa nyongeza nyingine ya asilimia 35.1, ambayo ilikipandisha kima hicho toka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Hizo ni hatua njema, na mwalimu au mganga wa Mugeta anazistahili. Lakini mkulima hana Mei Mosi yake. Mshahara wake hutangazwa na soko la pamba la dunia, ambalo wala halijui kwamba Mugeta ipo.

Tulikotoka

Wako vijana wanaoamini kwamba shida ya bei imeanza jana. Wazee wa Mara wanajua vinginevyo.

Mwaka 1973 Serikali iliunda Tume ya Bei, na baada ya miaka michache maelfu ya bidhaa yalikuwa na bei iliyopangwa. Makampuni ya biashara ya mikoa, RTC, yakapewa kazi ya kusambaza. Nia ilikuwa njema: kabwela asikamuliwe na mlanguzi. Mwaka huohuo mafuta ya petroli yakapanda bei duniani kwa kishindo, na ukame wa 1973 na 1974 ukaleta njaa. Nchi ikaagiza nafaka nje. Watu wakala ugali wa mahindi ya njano, wakaubatiza jina la unga wa Yanga kwa kufuata rangi za klabu ile ya Dar es Salaam. Mzaha ule ulikuwa njia ya kumeza kisichomezeka.

Kisha majanga yakafuatana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyofuata vilikadiriwa kuigharimu nchi dola milioni 500. Mwaka 1979 mafuta yakapanda tena. Mwishoni mwa mwaka huo Waziri wa Fedha, Ndugu Edwin Mtei, akajiuzulu kwa kutofautiana na Mwalimu Nyerere juu ya masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Maduka yakawa matupu. Sabuni, sukari, viberiti na nguo vikawa vitu vya mgawo na foleni. Bei ya halali ilikuwa ndogo, lakini bidhaa haikuwapo. Bidhaa ilipopatikana ilikuwa ya magendo, na bei yake haikuwa ya Tume.

Machi 1983 ikaanza operesheni ya kuwasaka wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Bidhaa nyingi zilifichuliwa, na wananchi wengi waliishangilia. Hata hivyo msako haukuweza kuzalisha sabuni. Sokoine akafariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Bajeti ya Juni mwaka huo iliondoa ruzuku ya sembe na kuwaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, nchi ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ikashushwa thamani mara kwa mara, na maduka yakajaa.

Hapo ndipo nyumba ya mkulima ilipojifunza somo lake la pili. Katika miaka ya foleni ilikuwa na fedha kidogo isiyoweza kununua kitu, kwa sababu kitu hakikuwapo. Katika miaka ya ruksa vitu vilikuwapo, lakini fedha ndiyo iliyokosekana. Bei ndogo isiyo na bidhaa ni maandishi ya karatasi. Na duka lililojaa, kwa asiye na fedha, ni maonyesho tu. Yeyote anayependekeza dawa ya ughali wa maisha leo, awe wa kudhibiti au wa kuachilia, hana budi kwanza aseme amejifunza nini kwa zama zote mbili.

Historia ya pamba inakwenda sambamba na hiyo. Vyama vya ushirika vya wakulima wa kanda ya ziwa, vilivyojengwa kwa michango na ari katika miaka ya 1950, vilivunjwa mwaka 1976 na kazi yao kupewa mamlaka za mazao na vijiji. Mkulima akazoea neno baya la kukopwa: kutoa pamba leo na kulipwa siku isiyojulikana. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na siku hizi vyama vya msingi, AMCOS, vimesimamishwa tena kati ya mkulima na mnunuzi. Katika mageuzi yote hayo, mkulima mmoja mmoja hakuulizwa sana.

Gharama zilizohamishwa

Ughali wa maisha hauji kwa njia ya duka peke yake. Huja pia pale huduma iliyokuwa ya umma inapohamishiwa katika mfuko wa nyumba.

Mkoa wa Mara una kumbukumbu ya pekee katika jambo hili. Novemba 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, lililoazimia kwamba kila mtoto wa umri wa shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa mwaka 1973. Lakini dhiki ya miaka ya 1980 ikairudisha michango, na mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Kodi ya kichwa, iliyofutwa mwaka 1969, ilikwisha kurudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikawa sababu ya wanaume kujificha maporini kila mgambo alipoonekana, hadi ilipofutwa mwaka 2003.

Mengine yamerejeshwa tangu hapo. Ada ya shule ya msingi ilifutwa tena mwaka 2001. Januari 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha sita. Haya si mambo madogo. Mzazi mwenye watoto watatu sekondari anajua alichookoa. Lakini sare, madaftari, chakula cha mchana na michango ya kila namna bado viko mlangoni mwa mzazi, na havina risiti katika hesabu ya taifa.

Maamuzi yanapoumiza mbali

Hapa tufike penye kiini cha mjadala. Dhiki ya nyumba ina vyanzo vya aina tatu. Viko vitokavyo nje ya nchi, kama vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 na kupandisha mafuta, ngano na mbolea. Viko vya mbinguni, kama ukame na mafuriko. Na viko vya maamuzi ya Serikali yenyewe. Serikali haiwezi kulaumiwa kwa kuzua viwili vya kwanza. Itaulizwa tu imepunguza vipi makali yake. Lakini kwa cha tatu, hapana mwingine wa kuulizwa.

Katika aina ya kwanza, Serikali ilitenda. Mei 2022 ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza bei ya mafuta. Agosti mwaka huo ikazindua ruzuku ya mbolea, na mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia, ambao ulikuwa umepita shilingi 130,000, ukashushwa hadi kiasi cha 70,000. Mkulima wa mahindi wa Mbeya au Songea alipumua. Lakini ruzuku ya mbolea humfikia yule atumiaye mbolea. Mama wa Mugeta anayelima mtama na muhogo bila mfuko hata mmoja wa mbolea hakuongezewa wala kupunguziwa kitu. Ruzuku iliyo njema kwa taifa yaweza kuruka kijiji kizima bila mtu kukusudia ubaya.

Katika aina ya tatu, mfano ulio wazi ni mafuta ya taa. Mwaka 2011 ilikuwapo hasira kubwa juu ya uchakachuaji, yaani wafanyabiashara kuchanganya mafuta ya taa na dizeli kwa sababu mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo. Serikali ikaamua kuziba mwanya huo: ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa toka shilingi 52 kwa lita hadi 400.30. Lengo lilikuwa halali, na wachakachuaji walibanwa. Lakini mafuta ya taa ndiyo yaliyokuwa yakiwasha koroboi ya mwanafunzi wa kijijini. Wakosaji walikuwa kwenye matangi ya mjini. Adhabu ikalipwa na kibatari cha Mugeta. Katika miaka iliyofuata taa za jua zimeenea, na umeme wa vijijini umeunganishwa kwa shilingi 27,000, kwa hiyo giza lile limepungua. Somo lakini limebaki: kabla ya kupandisha kodi ya kitu, aulizwe kwanza ni nani anayekitumia mwishoni.

Julai 2021 zilikuja tozo za miamala ya simu. Kwa mtu wa mjini mwenye akaunti ya benki zilikuwa kero. Kwa bibi wa kijijini anayetumiwa fedha na mjukuu aliye Mwanza, simu ndiyo benki yake, na tozo ikakata katika fedha ya chumvi. Wananchi walipiga kelele, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na Oktoba 2022 nyingine nyingi zikafutwa. Hapa tunaona kwamba sauti ya wananchi si bure, nayo Serikali inayosikia haipungukiwi heshima. Lakini mwaka 2023 ikaongezwa tozo ya shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, na tumekwisha kuona jinsi lita inavyosafiri hadi kwenye kapu la mama.

Sukari nayo ina somo lake. Mvua za El Niño zilipoharibu uvunaji wa miwa mwishoni mwa 2023, sukari iliadimika na bei yake ikaruka. Januari 2024 ikatangazwa bei elekezi. Wale wanaoikumbuka Tume ya Bei hawakushangaa kuona kwamba tangazo peke yake halikujaza maduka. Baadaye sheria ikarekebishwa ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao uweze kuagiza na kuhifadhi sukari. Huo ni mwelekeo sahihi zaidi: shehena iliyo ghalani humtisha mlanguzi kuliko tangazo la redioni.

Wapiganapo tembo

Wahenga walinena kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi. Katika vijiji vya mashariki ya Bunda methali hiyo si methali tu. Tembo hutoka katika mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, na katika Hifadhi ya Serengeti, wakaingia mashambani usiku mazao yanapokaribia kukomaa. Shamba la msimu mzima hulika kwa usiku mmoja.

Huu ni ughali wa maisha usiotajwa katika takwimu yoyote. Kaya iliyoliwa mtama wake hugeuka toka kuwa mzalishaji wa chakula ikawa mnunuzi wa chakula, tena hununua katika miezi ya ukame wakati bei ziko juu kabisa. Watu hukesha mashambani na tochi, madebe na pilipili ya kuchoma; mchana hawana nguvu ya kulima. Mtoto aliyekesha na baba yake husinzia darasani.

Na katika hili mwenye tembo anajulikana. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema kwamba wanyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kanuni zilizotolewa mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa: kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kufuatana na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa ekari zisizozidi 5. Shamba lililo ndani ya meta 500 za mpaka halikupata kitu.

Tazama jina lenyewe: kifuta jasho. Sheria haikusema fidia, kwa sababu fidia hurudisha kilichopotea. Tena kiasi kilichopangwa mwaka 2011 hakikupanda pamoja na bei za miaka iliyofuata. Shilingi 100,000 ya mwaka 2011 na ile ya miaka zaidi ya kumi baadaye ni noti za jina moja zenye nguvu tofauti. Ikiwa kima cha mshahara hutazamwa upya kwa sababu ya gharama za maisha, kwa nini jasho la mkulima lisitazamwe upya kila mara kwa sababu hiyohiyo? Watalii wanaokuja kuwatazama tembo wa Serengeti huliletea taifa fedha nyingi za kigeni. Si haki mkulima wa Mugeta awe ndiye anayewalisha tembo hao kwa gharama yake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya juu ya jambo linalofanana na hili: kwamba mji hujengewa kwa mikopo ya fedha za kigeni, na fedha ya kulipia hutoka katika mazao ya kijiji. Mwenye kulisoma leo akiwa Mugeta ataona kwamba onyo hilo halijachakaa.

Serikali inadaiwa nini?

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 8, inataja ustawi wa wananchi kuwa ndilo lengo kuu la Serikali. Ibara ya 11 inagusa haki ya kufanya kazi, kujipatia elimu, na kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni kweli kwamba ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu hiyo hayawezi kudaiwa mahakamani. Lakini jambo lisilodaiwa mahakamani laweza kudaiwa mkutanoni, bungeni na katika sanduku la kura.

Kinachodaiwa si kwamba Serikali inunulie kila nyumba sabuni. Wala si kwamba irudishe foleni na vibali. Kinachodaiwa ni mambo yaliyo katika uwezo wake: kwamba kila kodi na tozo ipimwe kwanza kwa macho ya kaya ya kijijini, kwamba ghala la chakula liwe na akiba kabla ya njaa, si baada yake, kwamba barabara ipitike masika na kiangazi, maana kila gari linalokwama huongeza bei ya chumvi, kwamba mkulima wa pamba alipwe papo hapo kwa mizani ya kweli, na kwamba tembo wa umma wasilelewe na maskini.

Na nyumba yenyewe je?

Ukurasa huu ni wa familia, na haitakuwa haki kuisema Serikali na kuinyamazia nyumba. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, na aghalabu hupita mkononi mwa baba. Ikiwa mama ndiye aliyepalilia na kuchuma, kisha akaambiwa tu kwamba fedha imekwisha, basi nyumba hiyo ina mlanguzi wake wa ndani, na hakuna Tume ya Bei itakayomkamata. Siku ya malipo na iwe siku ya kikao cha nyumba: baba, mama na watoto wakubwa wakae, waandike kwenye daftari kilichopatikana, deni la dawa, mahitaji ya shule, na akiba ya ugonjwa. Jambo lililoandikwa ni gumu kulikana.

Pili, chakula kisiuzwe chote wakati wa mavuno. Anayeuza mtama mwezi wa neema na kuununua tena mwezi wa dhiki hulipa tofauti kwa hiari yake. Tatu, akina mama wengi wamekwisha jikomboa kwa vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA. Vikundi hivyo vina haki ya kuomba mikopo isiyo na riba itokayo katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Asiyeuliza hapewi.

Nne, mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa ufanyike angalau mara moja katika kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe mbele ya wote. Hapo ndipo pa kuuliza michango ilikwenda wapi, na orodha ya mashamba yaliyoliwa na tembo ilifika wapi. Mwanamke mwenye haya ya kusimama mkutanoni akumbuke kwamba ndiye anayejua bei ya chumvi kuliko wote waliokaa meza kuu.

Uvumilivu ni sifa ya watu wa Mara, na umewavusha katika ukame, vita na foleni. Lakini uvumilivu wa mwananchi usihesabiwe kuwa ridhaa yake. Serikali iliyoweza kusikia kelele za tozo mwaka 2022 inaweza kusikia pia jasho la Mugeta, mradi wenye jasho hilo waseme kwa sauti moja, kwa hesabu zilizoandikwa, na mahali panapostahili.